Meza Zilizokaushwa kwa Sigara

Haya ninayoandika hamtayaamini, wala sijali. Hata mke wangu nikimwambia mvua inanyesha, hutoa kwanza mkono dirishani.

Mpwa wangu ni fundi wa vanishi kwenye karakana ya samani. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika brashi, ingawa yeye atawaambia alijifunza mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa saa yake ilikuwa sigara. Akishaipaka meza mara ya kwanza, hutoka nje, maana vanishi na moto hawalali chumba kimoja, akavuta tatu bila haraka. Zikiisha, meza imekauka, anapiga msasa. Mara ya pili, tano. Hakukosea hata siku moja.

Ndipo daktari akamwambia kifua chake hakibebi mizigo miwili: aache sigara au aache vanishi. Kazi nyingine haijui. Akaacha sigara.

Watu walimwahidi atajiona ndege aliyetoka tunduni. Wapi. Alikula, akalala, akaamka. Mkono ukaenda mfukoni, ukakuta mfuko.

"Baba watoto, unajisikiaje?" mkewe akamuuliza.

"Sijisikii."

"Vibaya?"

"Hapana. Sijisikii tu."

Siku ya kumi na moja akaishika meza ya mteja kabla haijakauka. Bosi akainama, akazitazama alama za vidole vinne.

"Fundi, hii ni meza au kitambulisho?"

Mpwa wangu akauokota msasa.

"Ni ya pili wiki hii. Ikifika ya tatu utabeba mbao, brashi nitampa mwingine." Kisha akamtilia sigara moja kwenye mfuko wa shati. "Ndugu yangu, kama saa yako ni hii, itie ufunguo."

Akaisugua meza, akaipaka upya, akatoka nje na ile sigara mkononi. Akaketi juu ya kipande cha gogo akaisubiri hamu, kama mtu anayemsubiri mgeni asiyempenda ili amalizane naye. Haikuja. Huzuni nayo haikuja, wala furaha. Magari yakapita. Kilichokuwapo ni muda tu, mwingi, usio na mwenyewe, na hakuna kitu kilichomtuma popote. Labda uhuru wenyewe ndio huu, akawaza, na hakuona haja ya kumwambia mtu.

Akiwa hapo, pua ikamshtua. Harufu ya vanishi ilikuwa ikitoka mlangoni, kali, ya kuchoma. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuisikia hivyo. Akakaa nayo. Ikapungua, ikapungua tena, mwisho ikabaki ya mbao peke yake. Akaingia, akaigusa meza kwa mgongo wa kidole. Pakavu.

Akamrudishia bosi sigara yake.

"Umejuaje imekauka?"

"Nimenusa."

Bosi akaizunguka meza nzima asione doa. "Haya, shika brashi yako."

Tangu hapo, jamani, pua ile ni balaa. Anamaliza meza thelathini kwa siku, na juzi akiwa sebuleni kwangu alinusa kabati la nyumba ya tatu, akaniambia lilipakwa mwaka gani, na fundi gani, na kwamba asubuhi hiyo fundi huyo aligombana na—

"Mjomba," anasema mpwa wangu, akisoma karatasi hii juu ya bega langu, "futa hapo. Juzi nilisema tu sufuria yako inaungua."