Mume Wangu Ameandika Kwamba Nashinda Nimekaa

Admin, nifichie jina tafadhali, maana mume wangu na mawifi zangu wote wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na minane, nimekulia Tanzania, nimeolewa hapa Kigali. Tunaishi Busanza, ghorofa ya juu kabisa, na nina mtoto mchanga anayenyonya.

Baada ya kujifungua nilinenepa. Mama yangu ana ugonjwa wa sukari, ameshakatwa mguu, kwa hiyo mume wangu akaingiwa na hofu. Akaweka programu kwenye simu yake, akajaza umri, urefu na uzito wangu, ikamtolea hesabu ya kalori ninazopaswa kula kwa siku. Tangu hapo yeye ndiye ananipimia chakula kabla hajaenda kazini, kwenye ghala moja kule Masoro. Igikoma, ule uji wa mzazi, ndio aliufuta wa kwanza. Mchana naachiwa viazi ambavyo hata kuku angevimaliza akadai vingine. Kila Jumapili kabla ya kanisa napanda mzani mbele yake.

Nikilalamika naonekana sina shukrani. Dada zangu wananiambia waume wengine hawajui hata kama mke amekula, mimi napimiwa kwa upendo. Na kweli ananipenda. Hapo ndipo niliponasa.

Juzi aliniachia simu nimpige mtoto picha, nikaifungua ile programu. Kwenye swali la kazi alichagua kwamba nashinda nimekaa. Ndugu zangu, nilicheka kwanza, halafu nikalia. Maji yakikatika, ni nani anayepandisha madumu kwenye zile ngazi, mtoto mgongoni? Wala hakuna mahali alipoeleza kwamba nanyonyesha. Alipotoka kazini nikamwonyesha kwa upole. Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Sheri, sasa hapa nyumbani iko kazi gani unafanya?"

Hakusema kwa ubaya, aliniita sheri, yaani mpenzi, kama kila siku, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Jana kliniki mtoto akapimwa, hajaongezeka uzito. Muuguzi akasema maziwa yangu yamepungua, nile nishibe. Nilirudi nyumbani na furaha ya aibu, nikidhani Mungu amenijibu. Mume wangu alinisikiliza hadi mwisho, akatoka, akarudi na maziwa ya kopo. Akasema sasa mtoto atashiba na mimi sitauvunja mpango wetu. Anataka tuanze kesho.

Nikila kwa siri, mzani utanisema Jumapili, naye atapunguza tena. Nikinyamaza, mwanangu ataacha ziwa kwa sababu halina kitu. Nawaomba msiniambie nishukuru kupata mume anayejali, hilo nimeshaambiwa na kila mtu. Nishaurini jambo moja tu: mtu anayekupenda hivi, unamwambiaje kwamba anakushindisha njaa?