Mkoba wa Kafa-Ulaya

Wakati ule nguo za mitumba tuliziita kafa-ulaya. Jina lilitufikia kutoka pwani pamoja na marobota yenyewe, na sisi tulilipokea bila maswali, maana lilikuwa na akili ndani yake. Mzungu aliye hai hawezi kuachana na koti zuri namna ile. Lazima alikufa kwanza, ndipo ndugu zake wakapata nafasi ya kutukumbuka sisi wa Mara. Hatukuona vibaya. Marehemu hakuwa na safari tena, na sisi tulikuwa na harusi za kwenda.

Harusi iliyonikabili mimi ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeposwa na mwalimu wa Kisaka, nasi tuliishi Nyansurura. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa ametuma salamu kwamba wanawake wa kwao huingia kanisani na mkoba mkononi. Salamu hizo zilinikera, kwa kuwa nilijua wanawake wa kwao huingia kanisani na watoto mgongoni, sawa na wa kwetu. Lakini mwalimu nilimpenda, kwa hiyo mkoba ungetafutwa.

Kilichoniuma hasa si mkoba, ni mjomba. Mama alikuwa na maksai mmoja mwekundu aliyemlea kwa kibuyu cha maziwa tangu ndama, baada ya ng'ombe aliyemzaa kufa. Alimpenda kuliko baadhi yetu, na hakuficha. Siku moja, miaka kadhaa kabla ya posa yangu, maksai hakuonekana zizini. Baba alichukua mkuki akafuata nyayo, akarudi kesho yake na matope hadi magotini, akasema nyayo zimeishia Ringwani, kwenye boma la shemeji yake. Yaani kaka wa mama, wa tumbo moja. Mjomba alikana, akaapa, akalia mbele ya watu. Mama hakukanyaga tena Ringwani. Harusi yangu ilipopangwa alisema waziwazi kwamba mjomba akitokea, yeye hatatokea. Baba aliendelea kusimulia ile safari ya mkuki kila palipokuwa na pombe, na kila mara matope yalizidi kina.

Basi nikavuka Mto Mara kwenda Tarime kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa yaya nyumbani kwa bwana shauri, Mzungu wa serikali. Kazi hiyo ilimpa tabia ya kunywa chai kwa kisahani, na pia elimu ya mikoba. Memsahibu wake alikuwa na mikoba mingi kuliko sufuria, na shangazi ndiye aliyeipangusa vumbi. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna mkoba bandia uliowahi kupita Tarime asiutambue. Bandia zilikuwepo kweli. Nyuma ya maduka palikuwa na mafundi wa viatu waliokwisha kugundua kwamba ngozi ya kutengeneza makubazi inaweza pia kutengeneza marehemu wa Ulaya, na marehemu ana bei nzuri zaidi.

"Rangi usiitazame, inadanganya," aliniambia tukienda gulioni. "Sikiliza kifungo. Mkoba wa kweli ukiufunga unalia mara moja tu. Wa bandia unalia mara mbili, unasitasita. Halafu nusa ndani. Ulaya inanukia poda. Mwisho tafuta chapa, hapa chini ya kifuniko. Mkoba usio na chapa ni gunia."

Mchuuzi alikuwa mtu wa ng'ambo ya Sirari. Alikuwa ametandika blanketi na kupanga juu yake mikoba, kila mmoja na msiba wake.

"Mama, hii ni mali safi," alimwambia shangazi akimpa mkoba wa kahawia. "Mwenyewe alikuwa bibi ya jaji. Alikufa juzi tu."

"Juzi? Na meli ilikuja lini?"

"Aah, mama, usiniletee maneno. Wewe shika, usikie."

Shangazi akaufunga. Tak, mara moja. Akaingiza pua ndani, akafumba macho, akasema poda. Ilikuwepo kweli poda, ile ya watoto wachanga, iliyouzwa hatua chache kutoka pale tuliposimama. Kisha akafunua kifuniko, na chapa hiyo hapo, imezama ndani ya ngozi: mstari umelala juu, na miwili imesimama chini yake. Mimi niliyesoma shule ya misheni nikaulizwa imeandikwa nini. Sikutaka elimu yangu iaibike mbele ya mchuuzi. Nikakumbuka nimewahi kuona herufi ya namna hiyo katika kitabu cha mmisionari, nikasema ni Kigiriki.

"Umesikia?" shangazi akamwambia mchuuzi. "Kigiriki."

Mchuuzi alionekana kushangaa kuliko sisi, lakini alikubali upesi, na bei ikapanda papo hapo. Shangazi alipigana nayo mpaka ikashuka, nasi tukaondoka na mkoba.

Tulipofika Nyansurura, mama alikuwa anapepeta wimbi uani, na baba amekaa karibu na ghala anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Shangazi hakusubiri hata maji ya kunywa. Aliwaonyesha mkoba hatua kwa hatua, kifungo, poda, chapa ya Kigiriki, akamalizia kwa kuuweka mikononi mwa mama ili naye aone mambo ya watu.

Mama hakusikiliza kifungo. Yeye alikuwa mtu wa ng'ombe, na mtu wa ng'ombe akipewa ngozi anaipapasa kufuata vinyweleo vilikolala. Aliipapasa hivyo, kidole kikafika ubavuni mwa mkoba, kikasimama. Palikuwa na kovu dogo lenye alama za mshono. Akaugeuza mkoba juu chini, akatazama ile chapa, nami nikaitazama juu ya bega lake. Ikiwa imegeuzwa hivyo, mstari ulikaa chini na miwili ikasimama juu yake, pembe mbili kwenye kichwa. Ilikuwa chapa ya baba. Niliiona kila asubuhi ya maisha yangu, kwenye mapaja ya ng'ombe wetu wote. Fundi wa Tarime aliipachika kichwa chini, na Kigiriki changu kikaishia hapo.

"Huyu ni maksai wangu," mama alisema kwa sauti ya chini. "Hapa aliumizwa na pembe. Nilimshona mwenyewe kwa uzi wa katani."

Mtu aliyeibiwa, akionyeshwa ngozi ya ng'ombe wake, husimama. Huuliza umenunua kwa nani, yuko wapi, nipeni mkuki wangu. Sote tuligeuka kumtazama baba, tukingoja asimame.

Baba hakusimama. "Hapana," alisema. "Huo ni wa Ulaya."

Alikuwa hajawahi kugusa mkoba wa mwanamke maishani mwake. Sasa aliuchukua mikononi mwa mama na mafuta ya mnyororo vidoleni, akaufungua na kuufunga. "Sikieni. Mara moja tu. Haya, nusa, mama watoto. Poda. Ng'ombe wetu alianza lini kupaka poda?" Alitusomesha vipimo vyote vya shangazi, bila kuruka hata kimoja, kwa bidii ambayo mchuuzi wa Sirari hakuwa nayo.

"Na chapa yako hii?" mama akauliza.

"Kigiriki. Mtoto amesoma, muulize."

Sikuulizwa, na nilishukuru. Aliyesema ni shangazi, ambaye sikuwahi kumsikia akibadili hukumu ya mkoba. "Kaka," alisema, hakumtazama usoni. "Hicho kifungo sasa kimelia mara mbili."

Mama alikuwa ameacha kutazama mkoba. Alikuwa anatazama baiskeli. Ile baiskeli ilikuja nyumbani msimu uleule maksai alipopotea. Baba alisema ameachiwa na rafiki aliyehamia Kisumu, rafiki mwema sana, ambaye hakuna mtu mwingine Nyansurura nzima aliyewahi kukutana naye. Mama aliitazama kuanzia usukani mpaka gurudumu la nyuma, taratibu.

"Kwa hiyo ni wa Ulaya," alisema.

"Wa Ulaya kabisa," baba akajibu, akapumua.

"Na mwenye ngozi hii alifia hukohuko Ulaya."

"Hukohuko."

"Hakufia Ringwani."

Nadhani hapo ndipo baba alipoona mahali alipojipeleka mwenyewe, na mlango wa kutokea hakuuona. Alifuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja.

"Hakufia Ringwani," alisema.

Mama alimpokonya mkoba, akaupachika mkononi, akaacha wimbi kwenye ungo. Alitoka uani kama alivyokuwa, na kanga yake ya kazi, akashika njia ya Ringwani. Hakuaga. Shangazi alikaa chini akaendelea kupepeta pale mama alipoishia, na baba akarudi kwenye mnyororo wake, ingawa ulikuwa umekwisha kupakwa wote.

Siku ya harusi niliingia kanisani mikono mitupu. Mama mkwe aliniangalia kwapani, kushoto na kulia, akaguna, na kwa mara ya kwanza sikujali. Mkoba ulikuwa benchi la mbele, mapajani mwa mama. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya lile kovu. Wa pili ulikuwa umeshika mkono wa mjomba, na hakuuachia muda wote wa mahubiri. Mjomba alikuwa amekonda sana katika miaka ile ya kuitwa mwizi. Nilimwona hivyo nikalia, watu wakadhani nalilia usichana wangu wa nyumbani.

Tulipotoka nje, mjomba alimwendea baba, akavua kofia. Nilijikaza, nikijua ana haki ya kusema lolote mbele ya wale watu wote.

"Shemeji, pole na msiba," alimwambia. "Dada ameniambia mlifiwa Ulaya."

Watu waliokuwa karibu wakageuka kumpa baba pole, mmoja baada ya mwingine, na wengine wakauliza marehemu alikuwa nani wake. Baba alisimama pale ameshika baiskeli, akapokea mikono yote.