Beseni la Mudaka

Watu wa mutaa wetu wa Cimpunda wakikuambia Maman Emérence iko na roho ngumu, uwaambie Georgette amesema ni waongo. Mimi nimemuona akilia. Wao walimuona wapi?

Mwanzo alikuwa anauza sambaza pale soko ya Nyawera, zile samaki ndogo za ziwa, na sauti yake ilikuwa inafika mpaka kwa vijana wa moto, wale wanaobeba watu na pikipiki. Mama yake alikufa mapema, kwa hiyo ni yeye alimubeba mudogo wake Clémence mugongoni, akauza naye sokoni, akamusomesha, akamuozesha kwa watu wa Mudaka. Clémence hakuwa anamuita dada. Alikuwa anamuita Mama. Shika hilo neno, maana taabu yote ilitoka pale.

Baadaye kolera ilipiga Cimpunda vibaya, na kituo cha afya kikatafuta wamama wa kupita nyumba kwa nyumba kufundisha. Emérence akafundishwa, na miaka ikienda akawa ndiye anatufundisha sisi wengine, kwenye chumba cha parokia, mabenchi yakitikisika. Yo, alitusumbua! Mutu akisoma karatasi, anamunyang'anya. "Maman Georgette, mama mwenye mutoto anahara hataki karatasi. Muangalie macho, umuambie." Na kabla ya kukupa fulana ya kazi, ulipaswa kwanza kumufundisha mama-mukwe wako. "Huyo akikubali," alisema, "mutaa wote utakubali." Wangu alinifukuza na mwiko. Emérence alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kuna somo moja hakuwa anacheka. Somo la beseni. Kwetu, kwenye kilio, kabla ya kula bugali, beseni moja linazunguka. Wazee wananawa, kisha wababa, wamama, watoto mwisho, na maji ni yaleyale. Ukilikataa, umesema nyumba hiyo iko na karuho, ile sumu ya kuua mutu polepole. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo mbele ya wafiwa. Emérence alikuwa anatuambia: "Kwenye kilio cha kolera, beseni linatafuta maiti ingine. Mulimwage. Hata kama ni kwa mama yako muzazi."

Halafu simu ikatoka Mudaka. Mutoto muchanga wa Clémence amekufa kwa kolera. Asubuhi alinyonya vizuri, jioni wakamufunika. Nilimusindikiza Emérence. Njia nzima alikuwa anafinya kitenge chake tu.

Tukakuta kiwanja kimejaa watu. Clémence akamuangukia kifuani, "Mama! Mama!" Wakalia pamoja, na mimi nikalia. Kisha chakula kikatoka, na beseni nalo. Lilipotoka kwa wababa, maji yalikuwa tayari kama yale ya kuoshea sombe, majani ya muhogo. Pale kwenye mukeka alikaa Priscille, mutoto pekee aliyebaki kwa Clémence, amekwisha kukunja mikono ya nguo, anangoja zamu yake. Clémence mwenyewe akachukua lile beseni, akapiga magoti, akamuletea mukubwa wake. Ni heshima hiyo.

Nikasali moyoni: nawa tu, maman, mara hii moja, Mungu atafunga macho.

Emérence alimuangalia Priscille. Akapokea beseni, akasimama, akaenda kulimwaga kwenye choo. Akarudi na bido, dumu la maji safi, sabuni na kopo.

"Nisamehe, mwanangu," akamuambia Clémence. "Ni ugonjwa ninaogopa, si nyinyi. Nitawamwagia maji mumoja mumoja."

Papa Zagabe, baba-mukwe wa Clémence, akauliza: "Unasema tulimupa mutoto wetu sumu?"

"Hapana, papa."

"Basi munawe wote!" muzee akawaambia watu wake. "Munawe na hiyo sabuni yake, aone kwamba hatuna sumu ya kuficha mikononi."

Wakanawa kwa hasira. Hakuna aliyesema asante. Emérence alipiga magoti, akawamwagia, machozi yakimushuka mpaka kidevuni. Priscille naye akanawa. Clémence aligeuza uso.

Juma likapita, lingine likapita. Mudaka hakuna aliyeugua. Mimi nikasema sasa watakuja kumushukuru. Ndiyo, Clémence alikuja! Alisimama mulangoni, akakataa kiti.

"Unaona? Hakuna hata mutu mumoja alipata ugonjwa. Ulinipatisha haya mbele ya wakwe zangu, kwenye kilio cha mutoto wangu, bure. Mama yangu alikufa zamani. Sasa niko najua."

Kitu ambacho hakikutokea, utakionyesha na kidole gani?

Tangu siku hiyo, miaka mingi sasa, Emérence hajakanyaga tena Mudaka. Kufundisha, anafundisha bado, na somo la beseni halirukwi.

Mwezi uliopita tulikuwa Nyawera kununua sabuni za mafunzo. Musichana murefu akapita karibu, sare ya masomo, sura ya Emérence tupu. Priscille! Nikamuita kwa furaha. Akatuangalia, akakumbuka vile wamemufundisha nyumbani, akatema mate chini, akavuka barabara.

Damu ikanipanda. "Shukrani ya punda ni mateke! Ngoja nimufuate huyo!"

Emérence akanishika mukono. Alimuangalia mutoto mpaka akapotea kati ya wabeba-mizigo. Kisha akakaa juu ya gunia la muuzaji mumoja, akalia mbele ya soko nzima.

"Umuache, Georgette. Hukuona vile anatembea? Iko muzima."