Swali Ambalo Rukia Alikataa Kulijibu

Nakumbuka Jumanne moja ya masika, mwanangu, ambayo mpaka leo mvua ikipiga bati asubuhi huwa inanirudia. Sasa nimebakiza miezi michache nistaafu, na vijana wa ofisini wananiamkia shikamoo wakidhani nilizaliwa na hizi busara wanazonisifia. Sikuzaliwa nazo. Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na minane, umri ambao mtu hujiona ameshapevuka, kumbe ndani bado mbichi. Na kazini nilikuwa mgeni, afisa utumishi katika halmashauri moja ya hapa Dar es Salaam. Sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu.

Halmashauri ilikuwa imepata kibali cha kuajiri watu wawili kwa mkataba. Mmoja wa kupanga jinsi mitaa yetu itakavyojikinga na mabadiliko ya tabianchi, na mwingine wa kusimamia fedha za mpango huo. Usidhani ni kazi za kukaa kwenye kiyoyozi. Aliyekulia Kariakoo kama mimi anajua: mvua ikishuka siku mbili mfululizo, Jangwani kunakuwa ziwa, barabara inafungwa, na watu wanapita na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Fedha za kuzibua mfereji zikikaa kwa mtu asiyejua kazi, wa bondeni ndio wanaolala majini.

Kwa hiyo uchujaji ulikuwa mkali. Maombi yalikuwa mengi, na kwa nafasi ile ya fedha wakabaki watu watano. Maswali matatu ya usaili aliyatunga mwenyekiti wa jopo, Mzee Mbonde, mkaguzi wa hesabu aliyekuwa amestaafu, akaombwa arudi kwa kazi hiyo moja. Mama Neema, katibu muhtasi wetu, akayachapa. Mimi, nikiwa katibu wa jopo, nikayapitia kuangalia makosa ya chapa, nikayatia kwenye bahasha, nikaifunga kwa lakiri na kuitunza kabatini. Mikono mitatu tu, mwanangu. Hakuna mwingine aliyeyaona.

Sasa, katika wale watano alikuwemo Rukia, mtoto wa shangazi yangu.

Shangazi Mwajuma ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, akanichukua nyumbani kwake Kariakoo, akanilaza kitanda kimoja na Rukia, akatununulia sare za shule za kitambaa kimoja. Jumapili kabla ya usaili nilikwenda kumjulia hali. Tulikaa uani tukichambua mchele, na nje wauza nguo walikuwa wakinadi bei kwa vipaza sauti hadi tukawa tunapaza sauti na sisi. Rukia alikuwa ndani akipiga pasi.

Shangazi akaniambia, bila kuniangalia, "Mwanaidi, mimi sikuombi umpe mwenzio kazi. Nakuomba tu usimwache gizani. Wenzie hao wanne, unadhani hawana watu?"

"Shangazi, Rukia anaweza mwenyewe."

"Anaweza. Na mimi niliweza kukulea mwenyewe, lakini majirani waliponiletea unga sikuukataa."

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Damu nzito kuliko maji, na wema wa aliyekulea ni mzito kuliko vyote. Sikumwahidi kitu. Lakini Rukia alipotoka na chai, nikaanza kumhadithia, kama mazungumzo ya kupitisha muda. Nikamwambia hizi kazi za fedha zina mitihani. Mathalani fedha za kuzibua mfereji wa bondeni zimefika wiki ile ile mvua imeanza, na utaratibu wa zabuni unataka wiki kadhaa. Utafanya nini, uvunje utaratibu au uache watu wazame? Rukia akafikiri, tukajadili mpaka chai ikapoa. Alidhani dada yake anampa moyo tu. Hakujua kuwa lile lilikuwa swali la tatu, kama lilivyo.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, tena nikiwa nimekaa.

Jumanne ikafika. Asubuhi ile kila mjumbe wa jopo alipewa fomu: je, kuna msailiwa ambaye ni ndugu yako? Jina la baba yake Rukia si jina la baba yangu, na hakuna pale ofisini aliyejua kwetu. Nikaandika "Hapana", nikatia sahihi. Kalamu haikutetemeka hata kidogo. Ndivyo uongo wa kwanza ulivyo, mwanangu, huwa mwepesi.

Tulikuwa wanne mezani: Mzee Mbonde, mhandisi mmoja wa mifereji, afisa mipango, na mimi nikiandika kumbukumbu. Kila mmoja wao alikuwa na karatasi yake ya alama, na haikuruhusiwa kuchungulia ya mwenzake. Wakaingia wawili wa kwanza, kisha wa tatu. Wa nne akawa Rukia. Alivaa baibui lake jeusi na mtandio wa bluu, akaamkia, "Shikamooni."

"Marahaba. Karibu ukae," akasema Mzee Mbonde.

Swali la kwanza akalijibu taratibu na kwa ufasaha. La pili lilikuwa gumu, la kutafuta kasoro katika taarifa ya matumizi ya mradi, na akaziona kasoro mbili ambazo wenzake hawakuziona. Mhandisi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi moyoni nikawa nimeshaanza kumpelekea shangazi habari njema.

Mzee Mbonde akasoma la tatu. Rukia akanyamaza.

Mvua ilikuwa imeanza kupiga dirishani. Tulisubiri. Nikainua macho nikaona ametazama meza, vidole vyake vimeshikana kwa nguvu. Nilijua papo hapo kilichompata.

"Samahani, mzee," akasema. "Swali hili sitalijibu."

"Hulijui?"

"Nalijua. Ndiyo maana. Juzi mtu alinieleza kisa hiki hiki, na mfereji huu huu wa bondeni. Nilidhani ni maongezi. Sasa naona hayakuwa maongezi."

Mzee Mbonde akavua miwani. "Ni nani alikueleza?"

"Naomba nisimtaje, mzee."

"Unaelewa kwamba kwa maneno hayo unatoka kwenye orodha?"

"Naelewa."

Akainuka, akashukuru, akatoka. Hakunitupia jicho hata mara moja. Na mimi, mwanangu, niliyekuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, nilikuwa naandika. Niliandika kila neno alilosema, kwa mwandiko mzuri, kama vile habari hiyo ni ya watu wengine.

Unaweza kudhani kwamba palepale ningesimama niseme. Hata mimi kwa miaka nilijidanganya hivyo, kwamba nilikuwa karibu kusema. Sikuwa karibu. Nilikuwa nawaza mshahara wangu, na wanangu wawili wa shule, na ile "Hapana" yangu iliyolala juu ya faili.

Mzee Mbonde akasitisha usaili. Akasema, "Bahasha hii ilipita mikono mitatu. Wangu naujua. Katibu ndiye aliyeitunza, na asubuhi tuliikuta lakiri yake haijaguswa. Niitieni aliyechapa."

Mama Neema akaja haraka, ametoka mezani kwake bila hata kubeba miwani. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, akivuka kivuko kila alfajiri kutoka Kigamboni, na ndiye aliyenionyesha hata mahali pa kuchemshia chai siku yangu ya kwanza kazini. Alikuwa akiniita mwanangu. Akasimama mbele ya jopo, akaulizwa.

"Mimi nimechapa mitihani na barua za siri tangu enzi za taipureta," akasema. "Sijawahi kutoa hata herufi."

"Basi itabidi uandike maelezo," akasema afisa mipango. "Na ukae nyumbani kwanza mpaka uchunguzi uishe."

Mama Neema alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Tuhuma kama ile, hata ikifutwa, hubaki kwa watu. Mwenye kovu hata akipona, huulizwa habari ya kidonda.

Wakaniambia nimwandikie maelezo, yeye atie sahihi. Akasema, nikaandika. Kisha nikamsogezea karatasi. Akaitazama, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Miwani nimeiacha mezani," akaniambia. "Hebu nisomee, mwanangu, nijue naweka sahihi juu ya nini."

Nikaishika ile karatasi, nikaanza kusoma kwa sauti mbele ya watu wote. "Mimi, niliyetajwa hapo juu, naeleza kwa hiari yangu kwamba mimi sikumwonyesha wala kumweleza mtu yeyote maswali haya..."

Hapo nikakwama. Neno ni "mimi", na sauti ni yangu. Nikajaribu kurudia sentensi, nikashindwa. Mzee Mbonde akaniuliza kama naumwa. Nikasema, "Mzee, hii karatasi siwezi kuisoma. Mama Neema hana kosa. Ni mimi. Rukia ni mtoto wa shangazi yangu, na nilimweleza Jumapili. Hakujua kama ni swali la mtihani. Na kwenye fomu asubuhi nimeandika uongo."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga kelele. Mama Neema aliichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara mbili, akatoka nayo.

Mzee Mbonde akawaomba wenzake watoke, tukabaki wawili. Aliangalia mvua, kisha akaniuliza, "Ulitaka kumsaidia?"

"Ndiyo, mzee."

"Maswali mawili ya kwanza, ulimgusia?"

"Hapana. Wallahi, hilo moja tu."

Akazivuta karatasi za alama, zote tatu, akazipanga mbele yangu. "Tazama. Kwa hayo mawili, hakuna aliyemkaribia. Bado mmoja hajaingia, lakini miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona mtu akigundua kasoro ile ya pili kwa kusoma mara moja. Kazi hii ilikuwa yake. Angeondoka hapa nayo kwa miguu yake mwenyewe." Akazikusanya tena. "Wewe hukumsaidia, binti. Umeiba ushindi wa nduguyo ukamletea kama zawadi. Na kama angekuwa mtu wa kukubali zawadi ya namna hiyo, tungempa fedha za watu wa bondeni bila kujua tumempa nani. Mvua ikija usiku, mwenye nyumba kule haulizi mhasibu ni binamu wa nani. Anauliza kama mfereji umezibuliwa."

Nilitaka kulia, akanikataza. Akasema machozi yangu ningeyamalizia nyumbani, kwanza niandike maelezo yangu. Nikaandika. Safari hii kalamu ilitetemeka.

Basi sikiliza yalivyoishia. Usaili ulifutwa, likaundwa jopo jingine na maswali mapya. Rukia hakuitwa. Sheria ndivyo ilivyotaka, ingawa kila mtu alijua hakuwa na hatia. Kazi akapata kijana mmoja kutoka mkoani, na aliifanya vizuri, sina la kumsema. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaondolewa kwenye mambo yote ya ajira, na wenzangu niliokuwa nao daraja moja wakanipita. Nilistahili. Jioni ile nilikwenda kwa shangazi nikamweleza yote. Alishika shavu, kisha akasema tu, "Nilikutuma mwenyewe." Mpaka anafariki hakulitaja tena, lakini nilimwona akizidisha nyuradi zake.

Mama Neema nilimwomba msamaha mezani kwake, mbele ya watu. Akasema yamepita. Na kweli hakuninyima salamu mpaka alipostaafu. Ila tangu siku ile hakuniita tena mwanangu. Aliniita afisa.

Na Rukia alikaa mwaka na miezi bila kuzungumza nami, arusi na misiba tukikutana ananipita kama nguzo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliomba kazi kama ile katika halmashauri nyingine, mbali, akasailiwa, akapata. Siku ya kuondoka alikuja kwangu, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema, "Dada, kule hakuna anayenijua hata mmoja." Alisema kwa furaha, mwanangu, nami nikaelewa ukubwa wa kitu nilichokuwa nimemnyang'anya.

Haya, nasaha yangu ni hii. Ukiwekwa mezani kuwapima watu, na ndugu yako akawamo, sema mapema na uondoke kwenye kiti. Hutakuwa umemtupa, utakuwa umemwachia njia yake. Ukiwa wewe ndiye unayepimwa, usikubali kubebwa pale unapoweza kutembea, maana aliyekubeba ndiye atakayechagua pa kukutua. Na wewe mzazi, usimtume mwanao kwa jambo ambalo ungeona haya kulisema mbele za watu. Kisha kosa likishatoka mkononi, usisubiri mpaka liangukie kichwani kwa mtu mwingine. Majuto ni mjukuu, huja mwisho, lakini ungamo linaweza kuja kabla yake ukiliita. Mimi nililichelewesha kwa muda wa maelezo ya ukurasa mmoja tu, na muda huo ndio ninaouonea haya kuliko yote.

Mola akupe riziki ambayo hutalazimika kuificha ilikotoka. Akupe ndugu wa kukutakia heri bila kukuvunjia heshima, na akujaalie ulimi unaoweza kusema "ni mimi" kabla mwingine hajaulizwa. Amina, mwanangu. Nenda salama.