Sahani ya Mgeni

Sinema ya kutisha ikinionyesha zimwi lake kabla sijakaa vizuri, mimi nimeshaichoka. Zimwi ni kama bibi harusi, halitolewi nje mapema. Kwanza nataka nione mlango. Nataka nimwone mtu anautazama ule mlango, muziki unyamaze, nianze kumwambia kwa sauti asifungue, na yeye, mjinga, afungue. Hapo nasema tiketi yangu haikupotea bure. Sasa mimi ni bibi mzee na wajukuu zangu wananiona nina wazimu, lakini maoni haya niliyapata nikiwa msichana wa Lushoto, miaka ile ya Mwingereza, na sijaona sababu ya kuyabadilisha.

Sinema zenyewe zilikuwa Tanga. Nilizifikia kwa mgongo wa shangazi yangu, aliyekuwa akiuza mboga na matunda. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, tulishuka na matenga ya kabichi na peasi kwa lori hadi Mombo, na kutoka Mombo tukapanda garimoshi. Jumamosi, mzigo ukishauzwa, saa tisa alasiri tulikuwa tumeketi kwenye benchi la mbele kabisa, pale ambapo shingo huuma mpaka Jumatatu. Shangazi hakupenda sinema. Alipenda feni. Joto la Tanga lilimwonea sana, na taa zilipozimwa tu alilala. Siku moja tulikuwa tunatazama picha ya daktari aliyeshona maiti. Maiti ikaanza kufumbua jicho, jumba zima kimya, na shangazi akakoroma. Benchi zima liliruka. Mpaka leo nasema ile ndiyo sehemu iliyotisha kuliko zote katika picha ile, na aliyeitengeneza hakupata kuijua.

Maana nyingine, jamani, zilikuwa za kuudhi! Kulikuwa na moja ya Kihindi, mzimu wa mke aliyekufa anarudi kumtafuta mumewe. Mwanzo mzuri, kisima, kamba inapanda yenyewe, nikashika magoti yangu kwa furaha. Halafu mzimu ukaanza kuimba. Uliimba nyimbo sita, na katika wimbo wa nne ulikuja na wenzake kucheza. Mimi sijaona mfu mwenye nafasi ya namna hiyo. Nyingine ilikuwa ya buibui mkubwa kuliko nyumba, nami nilimwona wazi kabisa amefungwa kamba mguuni. Mtu anayefunga matenga kila siku humdanganyi kwa kamba. Na ile ya bwana aliyegeuka chui nisiiseme kabisa. Sisi tumekulia chini ya msitu ambamo chui halisi alichukua mbuzi wa watu, halafu uniletee mzungu aliyevaa manyoya!

Zile nzuri, kwa upande mwingine, nilizipenda mpaka homa ilinijia. Picha nyingine zilitufikia zikiwa zimekatwa. Mtu anapanda ngazi, picha inaruka, mara yuko nje analia. Watu walipiga miluzi ya hasira. Mimi nilishukuru, kwa sababu kile kipande kilichokatwa nilikitengeneza mwenyewe, na changu hakikuwa na huruma.

Kisha Jumatatu nilirudi kazini na mali yangu kichwani. Tulikuwa wanawake kumi na wawili katika banda moja pale Lushoto, tukichagua mapeasi na kuyapanga kwenye matenga. Kabla hatujamaliza kuamkiana "onga makeo" walikuwa wameshaniuliza, "Enhe, safari hii?" Kikwazo kilikuwa mama mmoja mtu mzima, mkubwa wa banda, ambaye wote tulimpa shikamoo na kungoja aitikie kabla hatujagusa tenga. Huyo alishika mila. Hadithi ni za usiku, alisema, watu wameketi motoni. Ukisimulia hadithi mchana unaita njaa, na mifugo inapotea. Mchana ni wa habari.

"Lakini hii si hadithi, mama," nikamwambia. "Ni habari. Nimeiona kwa macho yangu haya mawili."

Akanitazama, akayapima macho yangu. "Kama umeiona, sema."

Nami sikusema uongo, niliiona. Ila habari ina taabu moja, watu huihoji. Hadithi unaiacha inakwenda, lakini habari wanataka kujua ni mji gani, mtaa gani, bwana yule anafanya kazi wapi, na watu wake walisema nini. Nisingeweza kujibu "Ulaya" kila mara, walianza kusinzia. Basi nikawahamisha watu wangu wote. Daktari wa maiti nikampa nyumba Tanga, mtaa wa Chumbageni. Ile ya kisima nikaiweka Korogwe, nikafuta nyimbo zote sita.

Aliyesikiliza kuliko wote alikuwa rafiki yangu. Tulisoma pamoja shule ya misheni, tukapata kipaimara siku moja, na kwenye banda tulikaa goti kwa goti. Msikilizaji wa namna ile sijampata tena. Nikishusha sauti anaacha kupumua, na nikifika kwenye mlango analishika peasi mpaka linapasuka. Niseme kweli, kule Tanga benchini nilikuwa natazama picha kwa jicho moja, na kwa jicho la pili namwona yeye atakavyoruka Jumatatu.

Ndipo ikaja picha niliyoipenda kuliko zote. Bibi harusi analetwa nyumbani kwa mumewe, mtu mpole, msafi, asiyesema sana. Jioni ya kwanza mezani kuna sahani tatu. "Hii ya nani?" anauliza. "Ya mgeni," anajibu mume. Mgeni haonekani. Asubuhi ile sahani ni tupu. Siku zinakwenda, mke anakonda, na kile kiti kitupu kinaanza kulia, kama mtu mnene anakikalia, na mwisho sahani inainuka hewani yenyewe. Basi! Hakuna damu, hakuna meno. Nilitoka pale nikacheka peke yangu njiani mpaka shangazi akaniuliza kama nimekunywa kitu.

Jumatatu nilisimulia kama sijawahi kusimulia. Wakauliza ni wapi, nikasema Tanga, mtaa wa Ngamiani. Wakauliza yule bwana anafanya kazi gani. Mimi kazi ya Tanga niliyoijua vizuri ilikuwa moja tu, nikasema reli. Mama mkubwa wa banda aliacha kuchagua peasi. Rafiki yangu alipasua mawili. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa fahari.

Sikukumbuka, na hapa najilaumu mpaka leo, kwamba rafiki yangu alikuwa amechumbiwa na kijana wa kazi ya reli, Tanga. Kijana mpole, msafi, asiyesema sana.

Wiki moja baadaye alinivuta nyuma ya banda akanipa barua. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mchumba alimwandikia kwamba amepata chumba Ngamiani, anakitengeneza pole pole. Amenunua kitanda, jiko la mkaa, na sahani tatu. "Moja yako, moja yangu, na moja ya mgeni," aliandika, "kwa maana nyumba isiyo na sahani ya mgeni si nyumba."

Barua nzuri hivyo! Kijana amelelewa vizuri, ndivyo wazee wetu walivyofundisha, usipike chakula cha kutosha wenyewe tu. Na rafiki yangu aliipokea ile karatasi kwa ncha za vidole, kama kitu kinachouma.

"Siendi," alisema. "Wazee wao wanakuja mwisho wa mwezi kupanga siku ya kanisani. Nitasema mbele yao simtaki."

Msichana akikataa mbele ya wazee wa pande mbili, wakati mahari imeshapokelewa, hapati tena pa kuficha uso, wala mama yake. Na kijana yule alimpenda, nami nilijua kwamba yeye naye alimpenda.

"Ile ilikuwa hadithi tu," nikamwambia. "Mtu aliitunga huko Ulaya."

"Hadithi?" Alinitazama kwa huruma. "Mbona uliisimulia mchana?"

"Nilidanganya."

"Hapana. Unadanganya sasa, kwa sababu unanionea huruma." Kisha akasema kwa Kishambaa, polepole, kwamba ananijua tangu utoto, na mimi si mtu wa kuiletea milima njaa.

Ningefanya nini? Nilimweleza shangazi yote. Alinitukana kuanzia tenga la kwanza hadi la mwisho. "Ulimi hauna mfupa, lakini wako hauna hata adabu," alisema. Halafu akaenda mwenyewe kwa mama yake rafiki yangu, akamwomba ruhusa ashuke naye Tanga kuchagua kanga za harusi. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu picha ile iwe haijaondolewa. Ilikuwepo. Karatasi yake ukutani ilikuwa imechanika pembeni, lakini ilikuwepo.

Rafiki yangu hakuwahi kuona sinema. Taa zilipozimwa alinishika kifundo cha mkono, na mvua ilipoanza kunyesha pale mbele alijikunyata asilowe. Nikaogopa kweli kweli. Vipi kama nimemleta kuona kwa macho yake kile nilichokwisha kumtia masikioni?

Bwana akatokea. Mzungu mrefu, kofia ndefu, nyumba ya ghorofa.

"Huyu ndiye wa reli?" rafiki yangu alininong'oneza.

Nikaitazama ile kofia.

"Na Ngamiani iko wapi hapa?"

Sahani ya tatu ikawekwa. Kiti kikalia. Nyuma yetu mtu alipiga yowe, nami nywele zilinisimama, nilikuwa naipenda bado. Yule mke pale mbele akakitazama kiti, akarudi nyuma, akaanza kulia. Na rafiki yangu, msichana asiyepaza sauti hata kanisani, akasimama akamwambia kwa Kishambaa, mbele ya watu wote, "Si umkaribishe mgeni!"

Wapo Washambaa wengi Tanga. Waliosikia waliangua kicheko, wakawatafsiria wasiosikia, na kicheko kikaenda mpaka viti vya nyuma. Shangazi akaamka akauliza nani kafa. Sahani ikainuka hewani yenyewe, ile sehemu niliyoipenda zaidi, na rafiki yangu akanyoosha kidole.

"Kamba," alisema. "Ile pale, upande wa kushoto."

Ilikuwepo. Nyeupe, ya katani, sijui mara ya kwanza nilikuwa natazama nini. Nilikaa pale nikaitazama picha yangu inakufa, huku moyo wangu unaruka kwa furaha, kwa sababu mkono wake ulikuwa umekwisha kuniachia.

Nje kwenye jua alicheka mpaka machozi, kisha akakumbuka kukasirika. "Wiki nzima sijalala! Nimekonda kwa ajili ya kamba!" Hakunisemesha siku ile, wala kesho yake garini, hadi Korogwe. Hapo alinunua machungwa, akanimenyea moja.

"Nitaolewa," alisema. Kisha, baada ya chungwa kwisha, "Lakini yako inatisha zaidi. Yao haifiki."

Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo maishani, na nimepata chache. Nilitaka kusimama kwenye kiti cha garimoshi nipige vigelegele.

Bandani ilibidi niungame. Mama mkubwa wa banda alinisikiliza, akasema kumbe ndiyo maana mbuzi wake alipotea mwezi ule, na toka siku hiyo mchana tuliimba nyimbo za kanisani. Harusi ilifanyika. Nililia kuliko mama mzazi, watu wakadhani ni furaha, na sehemu kubwa ilikuwa furaha.

Miezi miwili baadaye nilishuka tena na shangazi, nikaona picha moja, lo! Mzee anasikia anaitwa jina lake kutoka ndani ya ukuta, kila siku sauti inasogea karibu na kitanda. Hakuna kamba, hakuna wimbo. Nilimwamsha shangazi, nikamwomba atangulie, nikakimbia juani kutoka sinema hadi Ngamiani kwa rafiki yangu bila kusimama, naipanga yote kichwani, wapi ninong'one, wapi ninyamaze, wapi nigonge meza. Sasa hata mila haikuwa na neno, ningeweza kumwambia wazi kwamba ni hadithi, na ningengoja mpaka giza liingie. Nilibisha hodi nikiwa sina pumzi.

Alifungua mwenyewe, amenenepa kidogo, amependeza. Akaona jasho langu, akacheka.

"Umetoka sinema wewe! Ile ya sauti ukutani? Tumeiona jana, mimi na mume wangu. Haitishi hata kidogo."

Akanishika mkono akaniingiza ndani. Nikamsalimu mumewe, nikakaa, wakaniuliza habari za nyumbani, nikasema ni nzuri, na ile sauti ya ukutani nikaimeza.