Tivii Katika Nyumba ya Eda

Watu wa mtaa wetu hapa Bagamoyo wakimtaja Tabia hawasemi Tabia mke wa Mbaruku, wala Tabia muuza vileja. Wanasema Tabia wa vigelegele. Ukimwambia mwenye bajaji "nipeleke kwa Tabia wa vigelegele", hakuulizi tena, anawasha chombo. Na mimi Mwaija, niliyepakana naye ukuta tangu tulipoletwa hapa maharusi wote wawili, nawaambieni jina hilo hakupewa kwa upendeleo. Kalipata kwa koo lake.

Kigelegele cha Tabia hukisikii, kinakupata. Kinaanza chembamba, kinapanda, kinazunguka nyumba, halafu pale unapodhani pumzi imemwishia ndiyo kwanza anakichanganya. Harusi ya mtaa huu haikolei mpaka aanze yeye, na hakuna mwanamke mwenye akili zake anayethubutu kumtangulia. Mimi nilithubutu mara moja, ujana ule. Changu mimi kinalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Tabia alinifinya ubavuni mbele za watu. "Nyamaza, shoga," akaniambia, "utamkimbiza bwana harusi." Tangu siku hiyo mimi kazi yangu ni kupiga makofi.

Alipomzaa Adila, baada ya mimba kumtoka na kumtoka mpaka watu wakaanza kumwonea huruma usoni, alijipigia kigelegele mwenyewe pale pale kitandani. Mkunga akamkemea, "Mama, tulia, bado sijamaliza kazi yangu!" Nani wa kumsikiliza? Nilikuwa nje barazani, nikajua mtoto amekuja na ni mzima. Adila naye kakua nacho. Kahitimu Qurani, kigelegele. Kafaulu darasa la saba, kigelegele, mpaka mwalimu akatoka ofisini. Tukimtania mtoto yule, tukimwambia siku atakayofunga ndoa mama yake atapasua dari, anacheka na kusema, "Na apasue. Bila hicho mimi siolewi."

Basi mwaka huu Mbaruku akaugua. Posa ya Adila alikuwa ameshaipokea na siku ya ndoa ameipanga mwenyewe na wakwe, na alipoona hali yake inakwenda chini akawaita watu na kuwausia: nikifa, ndoa msiisogeze. Akafa kweli, Mungu amrehemu. Tabia akakaa eda, na siku ya ndoa ikamkuta humo humo ndani ya eda.

Hebu fikiri. Nyumba ya eda haichezewi ngoma, kwa hiyo ndoa ikapelekwa Msata kwa Bilali, mdogo wake marehemu, ambaye kaka yake Adila aliyeko Maskati alimwakilisha awe walii wa kuozesha. Msata si mbali, gari moja tu unafika. Lakini mwenye eda hatoki kwenda shereheni, hajipambi, hajitii manukato, na wanaume wasio maharimu zake hawaoni. Mtoto mmoja wa kike, kapatikana kwa machozi, anaolewa hapo Msata, na mama mtu kakaa chumba cha ndani na kanga zake za eda. Iliniuma mimi, sembuse yeye. Maana Tabia tangu mazishi alikuwa hasemi. Unamsalimu, anaitikia. Unampa chakula, anashukuru. Basi. Hata kulia hakulia.

Kitu kimoja tu alikitaka, na alinitajia kwa sauti ndogo: "Mwaija, nataka nimwone uso. Akiulizwa kama karidhia, nimwone uso."

"Tutapiga simu ya video," nikamwambia.

"Kwenye simu sioni. Naona vivuli tu." Ni kweli, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Hapo ndipo nikaikumbuka tivii. Farhan, huyo mwanawe aliyeko Maskati, aliwaletea wazazi wake tivii kubwa ile ya kisasa inayoingia kwenye intaneti, na akawa anawalipia waifai kila mwezi. Tangu siku ya msiba tivii ile ilikuwa imegeuzwa ukutani, imefunikwa kanga. Nikasema picha ya simu tutaitupa kwenye tivii, Tabia amwone mwanawe mkubwa kama mlango.

"Tivii? Katika nyumba ya eda?" Huyo ni Bi Mgeni, shangazi yake marehemu, bibi mwenye miaka yake na ukali wake, aliyehamia pale kuilinda eda ya Tabia. Na aliilinda! Kioo kafunika, redio kaichomoa, hata sabuni ya kunukia kaificha. "Na muziki je? Na hao wanaojitingisha viuno?"

"Bibi, si muziki. Ni nikaha ya mjukuu wako."

Akanitazama mpaka nikasahau nilichotaka kuongeza. Kisha akamtazama Tabia. "Nikaha tu," akasema. "Ikiisha, inazimwa."

Siku ya ndoa, Ijumaa, baada ya adhuhuri, tukamwita Sadallah, fundi wa ving'amuzi. Ndoa ilikuwa baada ya alasiri. Tivii tumeshaihamishia chumba cha ndani, mimi na binti wa jirani, migongo inatuuma. Sadallah akapiga hodi, akatusalimu, akataka kuingia.

"Unakwenda wapi?" Bi Mgeni akasimama mlangoni. "Humo mna mwanamke wa eda."

"Sasa bibi, tivii nitaitengenezaje bila kuiona?"

"Kwani huna mdomo? Simama nyuma ya pazia, sema. Mwaija atafanya."

Mimi! Mimi ambaye nyumbani kwangu hata kubadili idhaa namwita mtu. Lakini haya, nikashika rimoti. Sadallah nyuma ya pazia, mimi mbele ya tivii, Tabia kitandani kimya, Bi Mgeni kwenye kiti katikati kama askari wa mpakani.

"Mama Mwaija, bonyeza penye alama ya nyumba."

"Nimebonyeza. Zimekuja picha nyingi."

"Tafuta kigurudumu chenye meno. Umekiona? Ingia. Sasa tafuta neno la mtandao."

"Kizungu chote hiki! Nisomee wewe."

"Siioni, mama!"

"Basi usinipigie kelele!"

Nikaingia huku, nikatokea kule, nikajikuta kwenye mambo ya rangi, tivii yote ikawa ya kijani. Bi Mgeni akasema, "Astaghfirullah." Sadallah akanirudisha polepole, maskini, ana subira yule kijana. Hatimaye yakaja majina ya waifai za mtaa mzima: ya duka la dawa, ya nyumba ya wageni, na moja ya mtu asiyejulikana inaitwa Nunua Yako. Choyo gani hicho!

"Ya humu ndani inaitwaje?" Sadallah akauliza.

Tabia akajibu mwenyewe. "Mbaruku. Aliipa jina lake."

Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Mbaruku hayumo.

"Ruta iko wapi? Kile kisanduku chenye vitaa? Nenosiri lake limebandikwa chini yake, na isipowaka jina halitokei."

Hapo tukatazamana. Ruta ilikuwa ukumbini, juu ya meza ya marehemu. Sadallah akatazama huko ukumbini: meza ipo, ruta haipo. Mimi nikajikumbusha kwamba tangu msiba waifai humu ndani ilikuwa haishiki, na sisi sote tukadhani imekatwa na marehemu kaondoka nayo. Nani angemsumbua mfiwa kwa habari za waifai? Nikampigia Farhan. Akaapa kwamba kailipia, haijakatika hata siku moja.

Sasa roho yangu ikaanza kupanda juu. Saa zinakwenda, Msata wanakaribisha watu, na mimi kila ninalogusa haliendi. Nikatoka, nikapekua kabatini, nikapekua chini ya makochi. Nikamfokea Sadallah bure. Nikamfokea na paka. Nikarudi chumbani jasho linanitoka, nikamkuta Tabia ameinamisha kichwa.

"Acha, shoga," akasema. "Tutamsikia kwa simu. Inatosha."

Haikutosha, na nilijua haikutosha.

"Mnatafuta nini hasa?" Bi Mgeni akauliza, kwa utulivu wake wote.

"Kisanduku, bibi! Cheusi, kina vitaa vya kuwakawaka!"

"Kile cha kumetameta? Si nimekifunika."

"Umekifunika?"

"Siku ile ile ya mazishi. Nyumba ina maiti, watu wanasoma Yasini, chenyewe kimekaa mezani kinametameta kama nyumba ina harusi. Nikakishusha kwenye kona, nikakifunika sufuria."

Wallahi sikujua nicheke au nilie. Ukumbini, kwenye kona, sufuria lile kubwa la pilau la mtaa lilikuwa limepinduliwa kifudifudi tangu matanga, na waya mmoja unatokea chini ya ukingo wake kwenda kwenye soketi. Tumelipita siku zote hizo. Wengine wamelikalia!

"Sasa bibi, mbona hukusema?"

"Umeniuliza? Umeniuliza waifai. Mimi waifai naijua?"

Sadallah akaliinua. Ruta ile ilikuwa ya moto kama mkate, lakini hai, vitaa vyake vinakonyeza. "Bibi," akasema Sadallah, "sufuria la bati linazuia mtandao usitoke. Umeufungia ndani." Akaileta mpaka karibu na pazia, maana kuta za nyumba zetu hizi za mawe nazo ni nene, akaitundika kwenye msumari wa kizingiti.

Nikamsikia Tabia anavuta pumzi. Kwenye tivii, juu kabisa ya majina yote, kwa herufi kubwa ambazo hata yeye alizitambua, lilikuwa limeandikwa MBARUKU.

"Huyo," akasema. "Kaja."

Bi Mgeni akageuza uso upande wa ukuta. Mimi nikashughulika na rimoti, maana ningeutazama uso wa Tabia nisingeweza kuandika kitu. Sadallah akanisomea nenosiri kutoka chini ya kisanduku, herufi moja moja, na mimi nikazifuata kwa mshale mmoja mmoja. Likakataliwa. Nilikuwa nimeandika herufi ndogo palipotakiwa kubwa. Nikaandika tena, ikashika.

Tukawapigia Msata, Lulu binti Bilali akapokea. Lakini picha ikabaki kwenye simu yangu, tivii haitaki.

"Simu yako iko kwenye bando lako, mama," Sadallah akasema. "Itoe, uiingize kwa Mbaruku. Simu na tivii lazima zikae kwenye waifai moja ndipo zijuane."

"Ungesema mapema!"

"Ulikuwa unanifokea."

Nikaingiza. Adhana ya alasiri ikalia msikitini, tukaswali, na tulipokaa tena, Adila akatokea. Mkubwa, kama nilivyoahidi! Amefunikwa ushungi mweupe, amekaa mkekani katikati ya wanawake, hina mpaka kwenye viwiko. Tabia akashuka kitandani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akapitisha kidole kwenye shavu la mwanawe.

"Amekonda," akasema. Hilo ndilo neno lake la kwanza la mama tangu afiwe.

Bilali akaingia na mashahidi, akamuuliza Adila kama karidhia. Adila akainua uso kidogo tu, akasema karidhia. Tabia akauona. Wanaume wakatoka, tukasikia kwa kipaza sauti hotuba ya sheikh, tukamsikia bwana harusi akitamka nimekubali.

Sasa zamu ya kigelegele.

Wanawake wa Msata wote wakageukia simu. Kwetu anayeanza ni mama wa bibi harusi, na mama mwenyewe ni Tabia. Kwa furaha ile walisahau kabisa kwamba yumo edani. Adila akafunua ushungi, akatutazama kwa macho yake makubwa.

"Mama?"

Nilimwona Tabia akivuta pumzi ile ninayoijua, kifua kimejaa, ulimi tayari. Akamtazama Bi Mgeni.

"Usithubutu," Bi Mgeni akasema.

Tabia akajiziba mdomo kwa kanga. Akajiziba kwa mikono miwili, akatikisa kichwa, na Msata wakaendelea kungoja. Moyo wangu uliuma jamani, nilimchukia bibi yule wakati ule, nasema ukweli. Na ndipo akanigeukia mimi.

"Na wewe? Unangoja nini?"

"Mimi, bibi?"

"Kwani wewe umefiwa? Mumeo si yuko barazani anacheza bao? Eda anayo Tabia, wewe huna. Piga!"

"Bibi, sauti yangu wewe hujaisikia..."

"Piga, mtoto anangoja!"

Tabia akanishika mkono, akaubana mpaka pete ikaniumiza. "Nipigie, shoga," akanong'ona. "Ulimi juu. Usibane koo."

Nikapiga. Yarabi, kilitoka kibaya! Kilikwaruza, kikakatika katikati, nikakiokota, nikakipandisha tena. Paka akakimbia. Nyuma ya pazia Sadallah akaangua kicheko. Kule Msata Adila akatoa macho, kisha akacheka, machozi yanamtiririsha wanja. "Jamani huyo si mama, huyo ni mama Mwaija! Mama, nimekisikia! Nimeolewa!" Na wanawake wote wa Msata wakapokea kwa pamoja, mpaka spika ya tivii ikawa inakoroma.

Tabia aliteleza akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akalia. Alilia kwa sauti, kilio chote alichokiweka tangu mazishi, na mkono wangu hakuuachia. Bi Mgeni akainua rimoti azime kama tulivyopatana, akaitazama, akaiweka chini.

"Umeniharibia harusi ya mwanangu," Tabia akaniambia, kamasi na machozi pamoja, na anacheka. "Hebu kipige tena."