Neno Alilolisifia Bi Kamusi

Mchapaji wa barua wa pale chini ya ngazi za posta walimpachika jina la Bi Kamusi, na alilistahili. Ungekosea Kiingereza mbele yake, angekusahihisha kabla hujamaliza sentensi. Yeye kukosea? Labda jua lichomoze magharibi.

Asubuhi hiyo binti yake, anayepokea simu za wateja wa Marekani, alipita kumwachia ufunguo, akaiona mezani nakala ya barua ya jana. Ilikuwa ya kumwombea mpishi mmoja kazi kwa familia ya Kimarekani.

"Mama, umeandika kwamba mpishi ni 'homely'?"

Bi Kamusi akajibu kwa maringo kuwa ndivyo alivyofundishwa na mwalimu wake Mwingereza: ni mtu anayeifanya nyumba ikalike, mgeni akajiona yuko kwao.

"Kwa Waingereza, sawa. Kwa Wamarekani ni mtu mwenye sura mbaya."

Bi Kamusi akaisukuma kando mashine yake ya kuchapa. Mpishi yule aliwahi kuungua kwa mafuta ya moto, shavu lote la kushoto likabaki kovu, na ombi lake lilikuwa moja tu: "Dada, andika kazi ya mikono yangu. Uso wangu usiutaje." Saa nne alikuwa na miadi na mwenye nyumba, na barua alikuwa nayo. Saa hiyo ilikuwa tatu na nusu.

Bi Kamusi hakuaga. Alikwenda mbio, yeye na miguu yake ya kuvimba, jasho likimchuruzika, akiwaza kitu kimoja tu, kwamba amemwaibisha mwenzake. Njiani alitunga uongo, eti mashine imeruka herufi. Ulikuwa uongo mzuri tu.

Alichelewa. Mlinzi alipomfikisha jikoni, mpishi alikuwa amesimama, shavu amelifunika kwa mtandio, na mwenye nyumba ameishika barua, hajui atazame wapi. Uongo ukamkauka mdomoni. Kwa Kiingereza akasema neno lile ni lake, kosa ni lake, na nia yake ilikuwa kusifu. Mwenye nyumba akashusha pumzi.

"Dada, umemwambia nini?" mpishi aliuliza.

Ikabidi amweleze kwa Kiswahili, lote, bila kuficha. Hakuwahi kutamka maneno magumu namna ile.

 Mpishi akauvua mtandio, akaukunja, akauweka juu ya meza.

"Mwambie aniangalie vizuri, tumalizane na hilo," alisema. "Halafu anionyeshe sufuria ziko wapi."

Bi Kamusi alitafsiri neno kwa neno, macho yake yakiwa sakafuni.